Mwaka Kaskazini Ilipohamahama Kibiti

Wadogo zangu mnaorithi kazi ya hewa pale bomani, hamjambo. Mwenzenu nimestaafu. Msicheke. Najua ndevu zangu bado ziko njiani, na kila asubuhi mnaniona kwenye benchi la shule nikiandika "baba analima" kwa hati ya kupendeza, lakini aliyestaafu amestaafu. Wengine hustaafishwa na uzee, wengine na serikali. Mimi nilistaafishwa na mama, aliyetoka Ruaruke kwa miguu, akanishika sikio mbele ya askari wa zamu na kutangaza kwamba hakuzaa mtoto wa kuchungulia upepo kwenye nyumba ya vita. Sherehe ya kuniaga haikufanywa. Sikio liliniuma mpaka Ijumaa.

Wastaafu hupenda kuhesabu vyeo walivyopanda. Mimi nitaviruka, kwa kuwa kitu cha juu kabisa nilichopanda ni mlingoti. Mshahara nao nauruka, maana wenyewe ndio ulioanza kuniruka. Nitawaeleza mambo ya kuwafaa kazini, na habari ya siku moja ambayo kazi hii ya kitoto ilikaribia kumtia mtu kitanzi. Anayetaka hadithi ya simba akamwulize bibi yake.

Nianze na siku ya kwanza. Mzungu wa hewa alikuwa na jina ambalo hulitamki mpaka uteme mate, kwa hiyo Kibiti nzima ilimwita Bwana Upepo. Alikuja shuleni akataka mvulana anayejua tarakimu na asiyeogopa kupanda juu. Mwalimu alininyooshea kidole kwa haraka ya mtu anayegawa paka mwizi. Nikapelekwa kilimani, nikaonyeshwa vyombo, nikaambiwa nisiguse kitu. Kisha nikaambiwa kazi yangu ni kuvigusa mara tatu kwa siku.

Cha kwanza ni kile kijumba cheupe chenye miguu minne, ndani yake vipimajoto. Mnajua jinsi kilivyo: kidogo, kimeinuliwa, kuta zake za vibao vyenye upenyo, mlango wa kuchungulia. Sasa niambieni, mama zenu wakiona kijumba cha namna hiyo peke yake kilimani, watadhani ni cha nini? Wazee walikwisha kuamua kabla rangi haijakauka. Ni kibanda cha mzimu, na Mzungu ndiye mlinzi wake. Basi kila nikifungua nilikuta yai, au unga kidogo kwenye jani, au kitambaa chekundu kimefungwa kwenye kipimajoto ili homa ya mtoto ishuke. Mkikuta yai, litoeni kwanza ndipo msome joto. Bwana Upepo alidhani mayai namletea mimi, akanisifu kwa adabu yangu. Sikuona sababu ya kumkatalia mtu furaha yake.

Sasa kishale cha upepo, ambacho ndicho mzizi wa maneno yote. Mlingoti wake ni boriti la mkoko lililoletwa na wakata mikoko wa visiwa vya delta, ambao mpaka leo wanaamini yule Mzungu hana akili timamu: boriti zuri kama lile, yeye kalisimamisha peke yake bila nyumba. Juu kuna kishale cha bati kinachozunguka na upepo. Chini ya kishale kuna vyuma vinne visivyozunguka, kila kimoja na herufi ya upande wake. Kishale kikielekea herufi fulani, unaandika kwamba upepo unatoka huko. Basi. Mbuzi aliyesoma kidogo ataiweza. Ila vile vyuma vinne visipokaa sawasawa na pande nne za dunia, utakuwa unaandika uongo mara tatu kwa siku kwa hati nzuri.

Kilipoinuliwa, Maalim Mwinshehe alipanda kilima kuja kukitazama. Maalim ndiye muadhini wa msikiti ulio chini pale, na ndiye aliyenifundisha Kurani kwa msaada mkubwa wa bakora. Nilikuwa nimemwombea mabaya mengi maishani mwangu, yote madogomadogo: ajikwae, bakora ivunjike, apatwe na mafua siku ya kusikiliza sura.

"Mmesimamisha msalaba juu ya vichwa vyetu," akasema.

"Si msalaba, Maalim. Ni pande za dunia."

"Pande za dunia ziko tangu ziumbwe, Shabani. Hazijaomba boriti."

Akashuka. Mnamjua, huwa hangoji jibu.

Bwana Upepo alivipanga vile vyuma kwa dira. Mlikwisha kuiona: kisanduku cha shaba chenye sindano inayotikisika kama mbwa aliyenusa nyama, kisha inatulia kaskazini. Kaskazini ambayo sisi tunaiita kibula, kwa kuwa kutoka Kibiti Makka iko huko huko. Bwana akafurahi, akanywa chai. Nikafanya kazi kwa amani miezi kadhaa.

Kisha vilima vya Umatumbi vikawaka. Habari mnazijua, hata nyinyi mliokuwa mkijificha uvunguni. Ng'ambo ya mto watu walipewa maji ya dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Na niwaambie siri ya bomani: walioiamini dawa ile kuliko wote walikuwa askari. Kila asubuhi walitingisha risasi zao masikioni kusikiliza kama zinacheza maji ndani.

Vita ilituletea masanduku ya risasi, na fundi gani sijui akaamua kuyapanga chini ya mlingoti wangu. Bwana Upepo akatoa dira kuhakikisha vyuma vyake. Sindano ikaonyesha pengine kabisa. Akanipandisha nikavigeuza vyuma. Kesho yake nusu ya masanduku yakachukuliwa kwenda vitani. Sindano ikahama tena, nami nikapanda tena. Zikaletwa bunduki za kutengenezwa, nikapanda. Siku zile kaskazini ya Kibiti ilihamahama kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila ilipohama nilikwenda nayo, kwa magoti.

Hapo ndipo ikaja amri kutoka Dar es Salaam: kila kituo kiseme sindano yake imeikosa kaskazini ya kweli kwa kiasi gani. Bwana Upepo akaniita barazani.

"Shabani, sindano ni mwongo."

"Nimeona, Bwana."

"Hapana. Hata bila bunduki ni mwongo. Sindano haitazami kaskazini, inafuata sumaku ya ardhi. Kila nchi ina uongo wake. Ulaya mwingine, Kibiti mwingine. Lazima tupime uongo wa Kibiti."

"Bwana, uongo wa Kibiti ni mwingi, tutaumaliza lini?"

Hakucheka. Bwana Upepo hakuwahi kucheka nikimtania, alikuwa anangoja tafsiri. Siku ile hata hivyo homa ilikuwa imekwisha kumpanda, meno yanagongana. Akanieleza njia, akaenda kujilaza. Ishikeni njia hii, kwa maana yeye amehamishwa, na mimi, kama nilivyosema, nimestaafu.

Tafuta mahali pasipo na chuma. Sawazisha ardhi iwe kama meza. Simamisha kijiti, ukinyooshe kwa timazi, yaani uzi na jiwe. Funga kamba kwenye kijiti, chora duara, kisha la pili kubwa zaidi, kisha la tatu. Asubuhi kivuli ni kirefu na kinazidi kufupika. Ncha yake itagusa duara la nje, halafu la kati, halafu la ndani. Kila inapogusa, choma mwiba. Baada ya adhuhuri kivuli kinarefuka upya upande wa pili, kitayagusa yale yale, la ndani kwanza. Choma mwiba tena. Sasa kila duara lina miiba miwili. Chukua kamba kutoka mwiba mpaka mwiba, ikunje katikati, hapo ndipo kituo cha katikati. Vituo vya katikati na kijiti vikikaa mstari mmoja, mstari huo ni kaskazini na kusini ya kweli, na haujui bunduki wala masanduku. Weka dira juu yake, utazame sindano inakwepa kiasi gani. Huo ndio uongo wako.

Mahali pasipo na chuma, mwaka ule! Bomani hata wapishi walilala na mapanga. Nikafikiri, nikaona ni uwanja wa msikiti tu, ambako chuma pekee kilikuwa kisu cha Maalim cha kuchongea kalamu. Tena Maalim alikuwa na kijiti chake pale tayari, cha kutazamia kivuli cha adhuhuri na alasiri. Nikamwendea kwa unyenyekevu nisiokuwa nao kwa kawaida.

"Unataka kivuli changu kimtumikie Mzungu?"

"Kivuli ni cha jua, Maalim."

"Na jua ni la nani?"

Alikuwa ameshinda, na Maalim akishinda huwa mkarimu. "Haya," akasema. "Lakini ardhi hii si sawa, inateremka. Lete maji."

Hapa, wadogo zangu, ndipo penye kosa, na ni kosa la watu wa kwetu tu. Sisi tukitaka kujua ardhi kama iko sawa, tunamwaga maji tutazame yanakimbilia wapi. Baba zenu wamejenga hivyo, na babu zenu. Haikumjia Maalim, wala mimi, wala wale wazee waliokuja kutawadha wakatusaidia kuchota kutoka kwenye birika, kwamba mwaka ule katika nchi yote hakukuwa na kitu cha hatari kama mzee mwenye kijiti anayemwaga maji chini huku watu wamemzunguka. Tulikuwa tunasawazisha uwanja tu. Tukamwaga, tukaparura, tukamwaga, mpaka maji yakatulia bila kujua pa kwenda. Udongo ulipokauka kidogo nikachora maduara, nikachoma miiba mitatu ya asubuhi. Kisha nikapanda bomani kuchukua dira.

Natoka na dira mkononi, langoni nakutana na Maalim Mwinshehe amefungwa kamba mikono nyuma, kofia imeanguka, kipara chake kinang'aa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Nyuma yake Ombasha Farajala, mkubwa wa askari waliobaki siku ile.

"Shabani!" Maalim akaniita kwa sauti ya adhana. "Mwambie huyu kazi hii ni ya nani!"

"Ombasha, kazi ni ya Bwana Upepo. Tunapima."

"Mnapima," akasema Ombasha. "Mzee, kijiti, duara, maji, watu wana matope mikononi. Nimewauliza, maji haya ya nini? Mzee akaniambia ni ya kutafutia kibula. Nikamwambia kibula si kimo humo msikitini? Akasema ndiyo, ila tunataka kujua kama Mzungu naye anakijua. Haya ndiyo maneno ya kumwambia askari?"

Nilimtazama Maalim. Maishani mwangu mote alinichapa kwa kujibu watu vibaya.

Pale langoni kulikuwa na gogo la kunyongea. Gogo lile sitalifanyia mzaha. Nimejaribu, haukuja. Walikwisha kunyongwa watu pale kwa kukutwa na kibuyu tu, na mmoja wao alikuwa akiniuzia miwa.

"Bwana Mkubwa wa boma anarudi leo kutoka vitani kabla ya magharibi," akasema Ombasha. "Amri anayo, na kamba iko. Kama Bwana wako wa upepo ana neno, alitoe sasa."

Tukaenda kwa Bwana Upepo. Alikuwa chini ya blanketi, kwinini inamlilia masikioni. Akamtazama Maalim, akamtazama Ombasha, nikaona akihesabu kichwani yale ambayo Bwana Mkubwa angemwuliza: nani aliyetuma wenyeji kuchora maduara na kumwaga maji wakati wa vita?

"Mimi simjui mzee huyu," akasema.

Ombasha akageuka kwenda zake na kamba yake, na mwisho wa kamba Maalim.

Mimi ni mtu wa mizaha. Mama anasema nilizaliwa nikicheka, mkunga akakasirika. Nikasema: "Vema, Bwana. Basi Dar es Salaam niwaambie kaskazini yetu ni ipi? Ya juzi, ya jana, au ya leo asubuhi? Zote ninazo."

Akafumbua macho.

"Miiba ya asubuhi imekwisha kuchomwa, Bwana. Yote mitatu. Imebaki ya jioni tu. Akinyongwa mwenye uwanja, nani atakubali tukanyage pale tena?"

Bwana Upepo akakaa kitako. Kumwonea huruma mzee hakuweza, au aliogopa kuweza. Kazi iliyofika nusu ndiyo iliyomwuma kama jipu.

"Ombasha," akasema. "Ngoja. Maduara yako matatu. Jioni nitakuja mwenyewe. Vituo vikikaa mstari mmoja na kijiti, ile ni hesabu, na hesabu ni yangu. Visipokaa, ni uganga, na mimi sikusema kitu."

Kwa hiyo shingo ya Maalim Mwinshehe ilitundikwa kwenye kamba yangu ya ukindu, niliyoifunga mwenyewe kwa fundo la ovyo asubuhi ile nikiwaza chakula.

Nikakimbia msikitini nikiomba maduara yasiwe yamekanyagwa. Kumbe hayakuguswa hata na sisimizi. Askari waliomkamata Maalim walikuwa wamemvutia nje kwa mbali, kwa kamba, asitie hata mmoja wao mguu ndani ya duara. Wangelikanyaga, risasi zao zingekuwa supu! Hata mlinzi aliyewekwa alisimama kando, bunduki mkononi, anaitazama miiba yangu kama anatazama swila. Serikali nzima isingeweza kuilinda hesabu ile vizuri kama ilivyolindwa na woga.

"Kaka askari," nikamwambia, "rudi nyuma kidogo. Bunduki yako itaivuta sindano."

"Itaivuta?" Akarudi nyuma mpaka njiani. Alikuwa tayari kurudi mpaka Mchukwi.

Bi Mwanahawa, mkewe Maalim, alikuwa ameketi kizingitini, kofia ya mumewe mapajani, anaipangusa vumbi. Hakulia. Alikuwa anatazama kijiti.

"Nimeambiwa kichwa cha mzee wangu kiko kwenye kile kivuli," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na mwenye kukisoma ni wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Wewe uliyekaririshwa Alhamdu mwaka mzima."

"Niliijua, bibi. Nilikuwa namchokoza."

"Alijua," akasema. "Ndiyo maana alikuchapa."

Adhuhuri ikapita bila adhana. Hapo ndipo mji ulipojua kwamba jambo ni kubwa. Kivuli kikaanza kurefuka upande wa pili. Ncha ikalikaribia duara la ndani, mimi nimelala kifudifudi kidevu kwenye udongo. Ikagusa. Nikachoma mwiba. Ukakaa pembeni kidogo, nikauchomoa, nikauchoma upya mahali pake.

Kisha likaja wingu.

Nyinyi mnayajua mawingu ya kusi, yanavyokuja kutoka upande wa delta, meupe, manene, hayana mvua wala haraka. Liliketi juu ya jua kama mgeni aliyesikia harufu ya wali. Kivuli kikafutika. Nikajua duara la kati linapitwa, pale chini ya macho yangu, na hakuna ncha ya kuonyesha wapi.

"Shabani," akasema Bi Mwanahawa, "wewe si ndiye mwenye kazi ya mawingu?"

"Ndiyo, bibi."

"Liondoe."

"Bibi, mimi huyaandika tu."

"Sasa kazi yenyewe ina faida gani?"

Nimefanya kazi ile mwaka mzima, na hilo ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa.

Duara la kati likapotea. Likabaki la nje. Duara moja la ndani peke yake lingetoa kituo kimoja, na kituo kimoja na kijiti hukaa mstari mmoja siku zote, hata uchore ukiwa umelewa tembo, hakithibitishi kitu. Tulihitaji cha pili. Nikasikia sauti za wapagazi: Bwana Upepo anateremshwa kwa machela, amevikwa blanketi kama bibi harusi, nyuma yake Ombasha na Maalim kwenye kamba. Kutoka upande wa barabara, mbali, tarumbeta. Bwana Mkubwa anarudi.

Wingu likasogea kwa wakati wake. Halikusogezwa na mtu. Jua likatoka, kivuli kikajichora upya, na ncha yake ilikuwa haijalifikia duara la nje, umebaki upana wa punje ya mchele. Tukangoja hiyo punje. Sijawahi kungoja kitu kirefu kama hicho, na nimekwisha kungoja futari. Ikagusa. Nikachoma.

"Kamba," akasema Bwana Upepo.

Nikaikunja kwa duara la ndani, nikatia alama. Nikaikunja kwa duara la nje, nikatia alama. Akashuka kwenye machela, akalala matopeni na suruali yake nyeupe, akavuta uzi kutoka kijiti kwenda alama ya kwanza. Akauendeleza. Ombasha akainama, mikono magotini, bado yuko nje ya duara. Uzi ukapita juu ya alama ya pili katikati, kama umeambiwa.

Bwana Upepo akaweka dira juu ya uzi. Sindano ikatikisika, ikatulia, ikaangukia upande wa magharibi. Nyoosha mkono mbele ya jicho: uongo wa Kibiti ni upana wa vidole vinne. Sasa mnaujua. Msiusahau.

"Hesabu," akasema Bwana Upepo bila kuinuka. "Mfungue."

"Na maji, Bwana?"

"Ya kusawazisha."

"Yote?"

"Yote."

Ombasha akamfungua Maalim polepole, anatikisa kichwa. "Mzee," akamwambia, "nchi ina mchanga, ina majivu, ina unga. Katika vyote hivyo ukachagua maji?"

Maalim alipokea kofia kwa mkewe, akavaa. Mimi nilikuwa nangoja neno. Si shukrani, ningeogopa. Labda tusi dogo la kunionyesha kwamba ni yeye. Akanipita. Akasimama juu ya uzi, akatazama ukuta wa kibula wa msikiti wake, akatazama uzi, akatazama ukuta.

"Shabani. Lete kamba yako."

Tukapima. Bwana Mkubwa anapita barabarani na matarumbeta, sisi tunapima ukuta. Naye Maalim alijua kibula cha Kibiti kinaufuata uzi ule, kasoro kitu kisichoonekana kwa jicho. Ukuta haukuufuata. Ulikuwa umepinda, upana wa kidole kimoja.

"Nani aliujenga?" nikauliza, na nilijuta kabla sijafunga mdomo.

"Babu yangu," akasema Maalim. "Siku ya kuweka msingi kulikuwa na mawingu. Alikuwa akisema kila mara kwamba kulikuwa na mawingu."

"Mume wangu," Bi Mwanahawa akamwambia, "mchana huu umenusurika kunyongwa, nawe unahangaika na ukuta?"

"Kunyongwa ni mara moja, mke wangu. Kusali ni mara tano kila siku."

Akaketi chini, pale matopeni, akajishika shingo kwa mikono miwili. Bi Mwanahawa akaketi karibu naye. Mimi nikajishughulisha na kukunja kamba iliyokwisha kukunjwa.

Yaliyobaki ni ya ufundi. Masanduku yalihamishwa kutoka mlingotini, askari wakinung'unika kwa lugha zote. Nikapanda mara ya mwisho, nikageuza vyuma vidole vinne upande wa mashariki wa sindano, na tangu hapo havikuguswa. Bwana Upepo akapeleka neno Dar es Salaam kwamba amepima mwenyewe. Ni kweli, alilala matopeni. Ombasha alihamishiwa kwingine, na kabla ya kuondoka akaja kuomba achote udongo kidogo kutoka ndani ya duara, kwa ajili ya safari. Nikampa. Na mama akasikia habari yote kutoka kwa mchuuzi wa samaki, imeongezwa chumvi kuliko hao samaki. Sikio mmekwisha kulisikia.

Basi mmeipokea kazi. Mayai toeni kabla ya kusoma joto. Bunduki zisiegemezwe mlingotini, hata akiwa mkubwa gani anayeziegemeza. Mkitaka kusawazisha ardhi, parureni na mtumie jicho, mpaka mtakapoambiwa na watu wenye akili kwamba vita imekwisha pande zote. Kijiti cha Maalim msikisogeze.

Na jambo la mwisho. Mkiingia msikitini mtakuta mkeka wa mbele umetandikwa upande kidogo, haulingani na ukuta, na safu zote nyuma yake zimeufuata. Maalim aliutandika hivyo adhuhuri ya kesho yake, hakumweleza mtu, na hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mkono wenu utawawasha kuunyoosha. Uacheni. Umepimwa.